Gredi ya Hewa

Agosti, Isevya. Vumbi halina adabu,
linaingia bila hodi, linakaa juu ya vyombo
kama mgeni aliyekuja na mkeka wake.
Mama anakohoa tangu alfajiri. Namhesabia,
maana hesabu ndiyo kazi yangu: nasoma mita za maji,
nainama kwenye vifuniko vya watu na daftari mkononi,
naandika kilichopita bombani.
Kilichopita kifuani mwa Nyamizi binti Kasubi
hakuna mita iliyokiandika.

Misimu ishirini na saba kwenye bani, kule Urambo.
Kuni za miombo usiku kucha, jani likikauka taratibu,
na yeye, macho mekundu, akiulinda moto
usishuke, usipande.
Karo yangu ilitoka humo.
Hata daftari hili, ukilifuata nyuma, limetoka humo.

Daktari wa Kitete alisema: hewa safi.
Alilitamka kama mtu anayekwambia kanunue chumvi.

Basi tukaenda dukani kwa Hilali.
Mashine tatu, kati ya pasi na feni:
moja ya mviringo, nyeupe, kama kopo la maziwa ya unga;
moja ndefu, yenye taa inayogeuka buluu, njano, nyekundu
kukuambia unachokijua;
na moja ndogo ya mezani, bei ya mbuzi wawili.
Hilali akabandua kifuniko. Chujio la kwanza, la nywele na nyuzi.
La pili, karatasi iliyokunjwa kama sketi ya shule.
La tatu, mkaa.
"Mkaa?" Mama akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza.
"Moshi wa kuni uliniingiza huku, leo mkaa ndio unitoe?"

Nikauliza maswali ya mtu wa mita:
chumba cha hatua ngapi? Luku italiwa kiasi gani?
Na chujio likichoka, jipya liko wapi?
"Dar," akasema Hilali, akifuta kioo kisicho na doa.

Mchagua jembe si mkulima, husema wasiojua majembe.
Mama hakuitazama taa, wala bei.
Alipitisha kidole gumba na cha shahada
kwenye mikunjo ya karatasi ile,
polepole, kama alivyokuwa akipima jani mezani,
unene wake, mafuta yake,
akasema, "Hii."
Ile ndogo.

Ila nyumba yetu inapumua yenyewe.
Kati ya ukuta na bati kuna upenyo, njiwa anapita.
Ukiiwasha mle, unasafisha Tabora yote bure.
Fundi Kapela akapiga dari chumba kimoja, cha Mama.
Jiko la mkaa nikalihamishia uani, nyuma ya tangi.
Kitambaa chenye maji chini ya mlango.
Misumari, mbao na ujira vilizidi bei ya mashine,
na hayo hayakuandikwa kwenye boksi.

Usiku wa kwanza hakulala:
"Inanguruma kama mtu mwenye neno asiyelitoa."
Usiku wa nne alilala yeye, mimi nikakesha kuhesabu.
Zilikuwa arobaini na moja. Zikawa kumi na tisa.
Sikumwambia mtu. Kumi na tisa bado ni nyingi.

Februari nikalitoa chujio. Lilikuja jeupe.
Mama akaliweka mapajani, akavaa miwani,
akaligeuzia dirishani, kwenye mwanga wa saa nne
ambao wachambuzi wa majani huuamini.
Kingo za rangi ya ndimu mbivu.
Katikati, hudhurungi inayoelekea weusi.
Akalinusa. Akanyamaza kitambo.

"Gredi ya tatu," akasema. "Huku kati limeungua.
Mnadani wangetupunja."

Nikanyoosha mkono nikalitupe.
"Ngoja. Liandike kwanza."

Nikafungua daftari. Tarehe. Jina la mteja.
Safu ya uniti ni nyembamba mno.